Jinsi ya kunoa kisu kwa grenda ya mezani bila kukiunguza: mwongozo kamili

Ikifika Novemba hapa Moshi, kabla watu hawajaanza kupanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, naanza kuletewa visu na karibu vyote vina ugonjwa mmoja. Mtu anakwambia "nimekinoa kwa mashine kikakata vizuri siku ile, kesho yake kikawa butu kuliko mwanzo". Nakigeuza kwenye mwanga naona doa la bluu kwenye makali, au nikipitisha kidole nahisi kuna kinyuzi cha chuma kimejikunja upande mmoja. Ni hayo mawili tu, nakwambia ukweli: kisu kimeungua, au kimenolewa vizuri halafu kikaachwa na kinyuzi chake.

Nishaeleza kwa mdomo mara nyingi mno na watu wanarudi na visu vilevile, kwa hiyo naandika yote hapa hatua kwa hatua na sababu zake. Soma mpaka mwisho kabla hujawasha mashine.

## Kwanza elewa adui ni joto

Kisu cha jikoni kikitengenezwa kiwandani kinapashwa moto mkali, kinapozwa ghafla kikawa kigumu, halafu kinarudishiwa joto dogo, nyingi kama digrii 150 mpaka 220 hivi, ili kiwe kigumu lakini kisivunjike kama kioo. Sasa wewe ukiyapasha makali kupita hapo, ule ugumu unaondoka na haurudi. Unaweza ukakinoa kikakata karatasi, ila kikigusa mfupa au ubao mara mbili tatu kimelala.

Kwenye chuma cha kawaida, kile kinachoshika kutu, unaona rangi zinapita: njano kama nyasi kavu ukishapita 200, kahawia kama 260, zambarau 280, bluu ikikaribia 300. Stenlesi ni janja zaidi maana rangi yake inachelewa sana kutokea, yaani ukiona bluu kwenye stenlesi ujue umeshapita mbali kabisa, na usipoona rangi yoyote bado hujui kama uko salama. Ndo maana hatufuati rangi, tunafuata tone la maji, nitaeleza kwenye hatua ya nne.

Makali ni membamba kama karatasi, hayana nyama ya kubeba joto. Mgongo wa kisu unaweza kuwa baridi mkononi mwako huku ukingo umeshakwisha, na inachukua sekunde mbili tu za kukandamiza.

Wale wazee wanaonoa kwa baiskeli, anakaa anapiga pedeli jiwe linazunguka mbele yake, visu vyao huwa haviungui, na sababu ni mwendo. Jiwe lake linaenda pole pole. Grenda ya mezani ya jiwe la inchi 6 kwenye umeme wetu inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, maana yake uso wa jiwe unapita kwenye kisu mita 22 kila sekunde. Grenda ya mkono, ile ya kukatia nondo, inaenda karibu mara 11,000 kwa dakika na uso wa diski yake unapita mita 66 kwa sekunde, mara tatu ya hapo. Kwa hiyo kisu cha jikoni na grenda ya mkono tafadhali usivikutanishe kabisa.

## Vitu unavyohitaji

- Grenda ya mezani ya jiwe la inchi 6 au 8. Ukipata ile inayozunguka taratibu, kama mara 1,400 hivi, ni bora zaidi kwa visu.
- Jiwe jeupe namba 80. Mashine nyingi zinakuja na mawe ya kijivu, moja namba 36 na lingine 60. Namba 36 ni la kusawazisha chuma cha jembe, linakwangua kisu kama mkwaruzo wa mbuzi ya nazi. Jiwe jeupe linamegeka kidogo kidogo lenyewe na kutoa meno mapya, kwa hiyo linapasha moto kidogo kuliko la kijivu. Usikimbilie 120 ukidhani laini ndo nzuri, laini inasugua zaidi kuliko kukata na joto linapanda.
- Chuma cha kusafishia jiwe, kile chenye vigurudumu vya meno, au kijiwe kigumu cha kazi hiyo.
- Ndoo ya maji yenye kina cha kutosha kuzamisha ubapa wote.
- Miwani ya fundi inayofunika na pembeni, sio ya jua. Na barakoa, vumbi lile ni la jiwe na chuma.
- Maka pen nyeusi na rula.
- Kinoo cha kawaida cha mkono, namba 1000 hivi. Kama huna, chukua msasa wa maji namba 1000, ule wanaotumia wapaka rangi wa magari, uubandike kwenye kipande cha kioo.
- Mkanda wa zamani wa ngozi. Ngozi kweli, sio ile ya plastiki.

Glavu sijaziandika makusudi. Kwenye kitu kinachozunguka glavu inavutwa na mkono unafuata. Vivyo hivyo kanga, kitenge cha kufunga kiunoni, mtandio, shati la mikono mirefu lisilofungwa vifungo, rasta ndefu. Funga vyote au vua.

## Hatua ya 1: Kagua jiwe na ufunge mashine

Hii watu wanairuka na ndo inayoweza kukuua kweli, jiwe lenye ufa likiwa kwenye mwendo ule linapasuka na vipande vinaruka kama risasi.

Chomoa plagi. Toa kava, fungua nati. Angalia hapa: ukisimama mbele ya mashine, nati ya upande wa kulia inafunguka kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, yaani unaizungusha kwenda kulia. Nimeona watu wameongeza bomba kwenye spana wakidhani imeshika kutu kumbe wanaikaza.

Jiwe likitoka, lipitishie bisibisi kwenye tundu lining'inie, liwe kavu, halafu lipige kidogo kwa mpini wa mbao wa bisibisi nyingine, sehemu nne tofauti. Jiwe zima linalia, sauti inabaki kidogo kama kengele ndogo. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, kama kugonga boksi. Likitoa sauti hiyo lisirudi kwenye mashine, livunje kabisa mtoto au jirani asije akaliokota akalifunga. Lililowahi kuanguka sakafuni nalo lichukulie hivyohivyo mpaka ulipime.

Jiwe jipya soma mzunguko ulioandikwa juu yake. Lazima uwe mkubwa kuliko ule wa mota. Usitoe zile karatasi za duara pande zote mbili za jiwe, watu wanazibandua wakidhani ni lebo, kazi yake ni kusambaza mbano wa zile sahani za chuma ili jiwe lisibanwe sehemu moja. Nati ikaze ishike vizuri, usiivunjie nguvu zote.

Mashine ifunge kwa boliti kwenye meza nzito, ikae juu kidogo usawa wa kiwiko chako ukisimama. Chini yake weka kipande cha mpira wa tairi kinapunguza mtetemo. Na chagua mahali. Huku kwetu watu wengi wanaweka vitu vya ufundi kwenye banda, banda hilohilo lina ng'ombe na majani makavu na pumba, halafu cheche zinaruka humo. Weka sehemu yenye sakafu ya simenti au udongo, mbali na majani, petroli, mafuta ya taa na unga wa mbao.

Kitu kingine, mota hizi usizipunguze mwendo kwa ile regulata ya feni. Haziendi taratibu, zinapata moto tu mpaka zinaungua.

Ukiwa umefanya sawa: ukizungusha jiwe kwa mkono linazunguka bila kugusa popote na halichezi kushoto kulia.

## Hatua ya 2: Washa na usafishe uso wa jiwe

Simama pembeni, sio mbele ya jiwe. Washa, liache lizunguke dakika nzima peke yake. Kama lina shida, mara nyingi linaonyesha dakika hiyo ya kwanza.

Halafu sogeza chuma cha kusafishia kikiwa kimeegemea kile kiegemeo cha mbele, kipitishe taratibu kutoka upande mmoja wa jiwe kwenda mwingine mara tatu nne. Vumbi litatoka jingi, barakoa iwe usoni. Jiwe lililong'aa kama kigae limejaa vipande vya chuma, halikati, linasugua tu, na kusugua ndo joto. Mtu analalamika "kisu changu kibovu kinaungua haraka" kumbe jiwe lake halijasafishwa tangu alinunue.

Jiwe hilo usinolee alumini wala usisugulie mbao. Alumini inayeyuka na kuziba matundu ya jiwe, na jiwe lililoziba likipata moto linaweza kupasuka.

Ukiwa umefanya sawa: uso wa jiwe una rangi moja, ni mkavu, mkwaruzo wake unausikia kidoleni (mashine ikiwa imezimwa na imesimama kabisa, tafadhali).

## Hatua ya 3: Tafuta pembe mashine ikiwa imezimwa

Hapa ndo pa kutumia muda. Chomoa plagi tena.

Upande tutakaonolea visu, toa kile kiegemeo cha mbele kabisa. Najua mafundi wa vyuma watashangaa maana kwa kazi zao kiegemeo kinatakiwa kiwepo na kikae karibu na jiwe, milimita 3 tu. Ila sisi tutashika kisu makali yakiangalia chini, na jiwe upande wa mbele linazunguka kwenda chini, kwa hiyo kiegemeo kikibaki pale ubapa unaweza kuvutwa ukabanwa kati yake na jiwe. Upande wa pili wa mashine kibaki kwa kazi nyingine. Kava la juu na la pembeni usiguse.

Kwa nini makali chini? Kwa sababu yakiangalia juu yanakutana na jiwe uso kwa uso, ukikosea pembe kidogo yanang'ata na kisu kinarudi kwako. Yakiangalia chini jiwe linapita kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, linayafuata, haling'ati. Ila kisu kikiteleza kinaenda chini, kwa hiyo kunoa kwa kukaa na mapaja yako chini ya jiwe hapana, simama, miguu pembeni, kandambili acha vaa kiatu kilichofunika.

Sasa pembe. Visu vya jikoni vya kawaida tunataka digrii 15 mpaka 20 kila upande, na vile vya bei rahisi ambavyo chuma chake ni laini kaa kwenye 20. Hesabu yake ni nyepesi: laza ubapa kwenye jiwe, halafu vuta mgongo utoke kwenye jiwe kwa theluthi moja ya upana wa kisu. Kisu cha upana wa sentimita 4, mgongo uwe mbali na jiwe kama sentimita 1.4, hiyo ni 20. Ukiuvuta robo tu ya upana, yaani sentimita 1, uko kwenye 15 hivi. Chukua rula pima, usikadirie.

Paka maka pen kwenye makali pande zote, upana wa milimita 3 hivi. Weka kisu kwenye jiwe kwa pembe hiyo, zungusha jiwe kwa mkono wako mwingine nusu mzunguko, kisha angalia wino umefutika wapi. Umefutika juu karibu na mgongo tu, pembe ni ndogo, inua. Umefutika kwenye ncha kabisa ya makali tu, pembe ni kubwa, laza. Umefutika sawasawa kutoka juu ya mteremko (ile sehemu iliyonolewa inayoshuka kwenye makali) mpaka ukingoni, hapo hapo. Mikono yako iache izoee. Rudia hata mara kumi, fanya na sehemu ya karibu na mpini, katikati, na kwenye ncha ambako ubapa unapinda na inabidi uinue mpini kidogo ili makali yaendelee kugusa jiwe.

Vijana wanakasirika nikiwafanyisha hii, wanataka cheche. Nawaambia dakika kumi za wino zinakuokolea kisu cha miaka kumi.

Ukiwa umefanya sawa: unaweza kufumba macho, ukaweka kisu kwenye jiwe, ukafumbua, na wino unafutika palepale.

## Hatua ya 4: Upande wa kwanza

Ndoo ya maji iwe upande ambao hauna soketi wala waya. Kausha mikono kabla ya kugusa swichi, kila mara.

1. Chovya kisu chote, kitoe kikiwa kinachuruzika. Usikipanguse.

2. Washa, subiri mwendo ukae sawa. Mkono mmoja kwenye mpini, vidole viwili vya mkono mwingine kwenye mgongo wa kisu, mbali na jiwe.

3. Anza karibu na mpini, gusisha kisu kwenye jiwe sehemu ya mbele juu kidogo ya katikati, na uwe tayari unatembea kabla hakijagusa. Nguvu ni ndogo sana, uzito wa kisu chenyewe na kidogo hapo. Kivute pembeni kwa mwendo mmoja mpaka ncha, kisu cha sentimita 20 kisikuchukue zaidi ya sekunde nne.

4. Usisimame popote. Ukisimama unachimba shimo na unaunguza hapohapo. Ncha ikifika katikati ya jiwe, toa kisu, usiiache ipite kona ya jiwe maana kona inakula ncha na kuifanya duara.

5. Chovya tena. Kila mpito mmoja, yaani kutoka mpini mpaka ncha, chovya, hata kama unahisi ni baridi.

Sasa lile tone. Kwa kuwa makali yanaangalia chini, maji yanachuruzika na kukusanyika ukingoni. Yaangalie. Maadamu kuna unyevu kwenye makali huwezi kuwa umepita digrii 100, na 100 haiui kisu. Ukiona maji yanachemka kivuke, au makali yamekauka ghafla, toa kisu muda huohuo. Kidole chako kisikudanganye kwamba mgongo ni baridi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kwanza ndo ufanye mengine, la sivyo ukirudi mashine inaanza yenyewe na wewe umeinamia pale.

Unaendelea mpaka lini? Mpaka kinyuzi kitokee. Chuma kikishanolewa mpaka ukingoni kabisa, kinajikunja kidogo upande wa pili kama uzi mwembamba. Zima mashine, subiri isimame, kisha weka kidole gumba kwenye ubapa wa upande ULE MWINGINE na ukiteleze kutoka mgongoni kwenda nje kupita makali, sio kufuata urefu wa makali, utajikata. Utahisi kimkwaruzo kinashika ngozi. Kiwepo urefu wote, kuanzia mpini mpaka ncha. Kama kipo nusu tu, nusu nyingine bado, nenda ukainoe hiyo peke yake.

Kisu butu cha kawaida kinahitaji mipito minne mpaka minane. Ukifika ishirini bado hujakipata, simama, rudi kwenye wino, pembe yako ni ndogo unasugua shavu la kisu tu.

Ukiwa umefanya sawa: mteremko unang'aa upana mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hauna mawimbi, na kinyuzi kipo urefu wote upande wa pili.

## Hatua ya 5: Upande wa pili

Geuza, badilisha mikono, rudia. Mkono usio wa kawaida yako utakuwa mzito, ndo maana tulifanya mazoezi na mashine imezimwa. Hesabu mipito, kama kwanza ulipiga sita huku nako karibu na sita, kisu kisiegemee upande mmoja kikaanza kukata nyama kwenda mshazari.

Kinyuzi sasa kitahamia upande ule wa kwanza. Ukishakipata, piga mpito mmoja mmoja mwepesi sana kila upande, halafu basi. Mashine imemaliza kazi yake.

## Hatua ya 6: Ondoa kinyuzi

Wengi wanaishia hatua ya tano, wanakata nyanya, inakatika, wanafurahi. Kinyuzi kile kinakata kweli, ila ni chuma kilichoning'inia. Ukikata kitunguu cha kwanza kinajikunja, na sasa unakata kwa kitu kilichopinda. Hicho ndo "kesho yake kikawa butu".

Lowesha kinoo. Weka kisu pembe ileile au kiinue kidogo sana, sukuma makali yakitangulia kana kwamba unataka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Upande huu mara moja, upande ule mara moja, kwa kupokezana, mara kumi kila upande, na kila ukiendelea punguza nguvu mpaka mwishoni kisu kinajibeba chenyewe. Kupokezana ndo muhimu. Ukipiga kumi upande mmoja kwanza unakihamisha tu kinyuzi kwenda ng'ambo.

Kisha mkanda wa ngozi, umefungwa sehemu ukavutwa vizuri au umebandikwa juu ya ubao. Hapa ni kinyume, mgongo unatangulia makali yanafuata nyuma, vinginevyo unaukata mkanda. Mara kumi na tano kila upande, taratibu.

Kuna watu wanafunga gurudumu la kitambaa au ngozi kwenye grenda kufanya hii kazi kwa haraka. Linafanya kazi, ila likidaka makali linarusha kisu, na kwa mtu anayeanza sishauri. Mkanda wa mkono unachukua dakika mbili tu.

Ukiwa umefanya sawa: kidole kikitoka mgongoni kwenda nje kinateleza pande zote mbili, hakuna kinachoshika.

## Hatua ya 7: Jaribu

Simama chini ya taa au dirishani, elekeza makali juu yakuangalie usoni, kiinamishe polepole. Makali yenyewe hayaonekani, ni mstari mweusi. Ukiona kanukta kanang'aa, pale ni butu au kinyuzi kimebaki. Rudi kwenye kinoo sehemu ile.

Karatasi ya daftari, ishike juu kwa vidole viwili, kisu kishuke bila kuchana. Halafu nyanya iliyoiva kabisa: weka kisu juu ya ngozi, vuta bila kubonyeza. Kiingie chenyewe. Kujaribu kwa kunyoa nywele za mkono acha.

Osha kisu kwa sabuni kabla hakijagusa chakula, kuna unga wa jiwe na chembe za chuma juu yake.

## Panga, visu vya bucha na vile vyenye meno

Panga linataka pembe kubwa, 25 mpaka 30, kwa sababu linapiga kuni na migomba linahitaji unene nyuma ya makali. Chuma chake ni laini kuliko kisu na ni kinene, linavumilia joto kidogo, ila maji usiache. Kwa panga tupa pia inatosha kabisa, mtu mwenye panga tu asinunue mashine.

Kisu cha kutoa nyama kwenye mfupa kaa 20. Cha kukatia mchicha, mnafu na figiri kama ni chuma kizuri nenda 15. Kile kizito cha kupigia mifupa 25, ukikifanya chembamba kinatoka mapengo siku ya kwanza.

Kisu cha mkate chenye meno kisiguse jiwe hili, utafuta meno. Vile vyeupe vya seramiki navyo hapana, vinataka almasi.

Mashine usiitumie kila wiki, inakula chuma. Hapo katikati tumia kinoo, au geuza bakuli la udongo, ule mviringo mkavu wa kitakoni usio na rangi unarudisha makali kidogo, mama zetu wamefanya hivyo siku zote na ni sahihi. Kata juu ya ubao. Kukatia kwenye sahani, kwenye sufuria, juu ya simenti, hapo unarudi kwangu baada ya siku tatu. Na ukimaliza kumenya ndizi panguza utomvu palepale kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, ukikauka mtu anausugua kwa stili waya na makali yanaenda nao.

## Kama kimeshaungua

Bluu haifutiki kwa msasa. Ukiisugua rangi inatoka, ulaini unabaki. Dawa ni kuondoa chuma chote kilichoungua mpaka ufike kwenye kizima, na hiyo kazi fanya kwa kinoo cha mkono au kwa mashine mpito mmoja maji, mpito mmoja maji, bila haraka. Kama doa ni sehemu moja tu, inabidi uteremshe urefu wote wa makali ili mstari ubaki sawa, la sivyo kisu kitakuwa na bonde na kwenye ubao kitaacha vipande vimeshikana.

Kisu cha mama niliwahi kukiunguza mwenyewe mwaka wa kwanza nilipopata mashine, alama ya bluu kama ukucha karibu na ncha. Kilikuwa kisu chake cha ndizi za mtori, alikuwa nacho kabla sijazaliwa, na hakusema neno. Nilikaa nacho jioni tatu kwenye kinoo nikaondoa karibu milimita 4 kuanzia mpini mpaka ncha, nikapunguza na mashavu kwa sababu ukishusha makali unakutana na sehemu nene. Sasa hivi ni chembamba kuliko vyote jikoni kwake na anakitumia kila siku.